Jivu la Pasi ya Sornam

Ijumaa jioni, katikati ya ukumbi uliojaa watu waliovaa nguo alizozipiga pasi yeye mwenyewe, Sornam alikosa pa kuweka mikono. Akaikunja tumboni, akajiona kama anaomba msaada. Akaipeleka nyuma, akajiona askari. Mwisho akashika pindo la sari yake ya zambarau, ile ya kwendea harusi za watu, akalizungusha kwenye kidole mpaka kidole kikafa ganzi.

Watu hakuwajua. Nguo alizijua. Lile shati la mzee wa miwani lina doa la wino chini ya mfuko, halitoki hata ufanyeje. Ile kanzu fupi ya kijani ya yule kijana mwenye hereni, kila wiki inakuja na tiketi ya sinema imeganda mfukoni. Miaka ishirini na moja Sornam alisimama na mkokoteni wake wa pasi ya mkaa chini ya mwarobaini, hatua mia mbili kutoka jumba hili la sanaa, na hakuwahi kuingia hata siku moja. Aingie kufanya nini.

"Usisimame kama umekuja kudai," mumewe Dhanapal akamnong'oneza. "Kula. Vya bure hivi."

"Wewe umekula vingapi?"

"Sambusa zenyewe kama kidole gumba. Hizi hazihesabiwi, ni karanga tu."

Dhanapal naye alikuwa mchoraji, wa aina yake. Zamani alipanda jukwaa la mianzi akachora nyuso za nyota wa sinema, kila uso mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, na Chennai nzima ikapita chini ikitazama juu. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Siku hizi alikuwa anapaka mageti ya watu rangi nyeusi. Jioni hiyo alizunguka ukumbini na shati jeupe lililosimama kwa wanga, akikodolea kila kazi macho kama fundi anayekagua tofali.

Kazi zilikuwa za vijana watano, wote wapya, hakuna aliyewahi kuonyesha popote. Mmoja, kijana wa Kolkata aliyeitwa Joydeep, alileta majokofu mabovu matatu akayachora milangoni, na ndani ya kila moja akapanga peremende za maziwa na sukari guru kama ilivyokuwa kwa bibi yake. Mwingine alitundika picha za nyayo. Na katikati ya ukumbi, sakafuni, ilikuwepo kazi ya Vennila, binti yao.

Katika hao watano, mmoja tu ndiye angepewa chumba cha ghorofani: mwaka mzima, hakuna kodi, vifaa vya bure, na posho ya kila mwezi. Wachaguzi watatu walikuwa wanakuja kesho yake saa nne asubuhi. Vennila asipopata, Jumatatu anaanza kazi kwa Sekar, mwenye duka la kuchapa mabango ya plastiki. Dhanapal ndiye aliyemwombea kazi hiyo, na kuomba kwenyewe kulimchubua, maana Sekar zamani ndiye aliyekuwa akimwoshea brashi.

Sornam akasogea pale katikati. Watu walikuwa wamesimama duara, vikombe vya kahawa mkononi, wakitazama chini.

Ilikuwa kolam. Hapo Sornam hakuhitaji kuelezwa. Kila alfajiri tangu ana miaka saba alimwaga maji mlangoni, akafagia ya jana, akachora mpya kwa unga wa mchele: nukta kwanza, halafu mstari mmoja unaozizunguka zote na kurudi ulikoanzia. Mchana watu wanaikanyaga, sisimizi na shomoro wanakula, jioni imebaki kama pumzi kwenye kioo. Lakini hii ya Vennila ilikuwa na nukta thelathini na moja kwa thelathini na moja, imetandaa kwenye sakafu nyeusi ya saruji kama wavu uliotupwa na mtu akasahau kuuvuta. Nzuri. Mkono wa mtoto umetulia, Sornam akakiri moyoni.

Ila rangi. Mbona ya kijivu?

Akainama. Harufu ikampanda puani, nayo aliijua kama mtu anavyojua mto wake wa kulalia.

"Hili ni jivu," akasema.

Vennila alikuwa nyuma yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anatabasamu. "Lako, Mama. La pasi yako. Miezi sita hiyo. Nimelichekecha kwa kitambaa mara tatu."

"Mimi nilidhani unasugulia masufuria."

"Nilitaka usijue mpaka leo."

Sornam akafungua kinywa. Kabla neno halijatoka, akashikwa bega.

"Sornam, na wewe upo?" Alikuwa Bi Hema wa nyumba namba kumi na nne, mwenye blauzi za hariri. "Afadhali nimekuona. Zile blauzi zangu tatu vipi? Kesho nina harusi, mwenzangu."

Watu wawili watatu wakageuka.

"Bi Hema," Vennila akasema, "huyu ni mama yangu."

"Najua, mwanangu, najua. Si ndiye anayenipigia pasi." Akacheka vizuri tu, bila ubaya wowote, na ndiyo maana iliuma zaidi.

"Saa tatu asubuhi zitakuwa tayari," Sornam akasema.

Ukutani palikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Mtu mmoja akaisoma kwa sauti, na katikati ya yale maneno yasiyo na mlango wala dirisha Sornam akasikia jina lake. Kisha ukumbi mzima ukatazama mikono yake. Akairudisha kwenye pindo la sari.

"Umefurahi, Mama?"

"Nimefurahi," akasema, na kolam ya jivu ikaendelea kulala pale chini, kimya, kama moshi uliochoka kupanda.

*

Walirudi kwa miguu, wawili, Vennila amebaki na wenzake. Ulikuwa mwezi wa Margazhi, baridi kidogo, na ukungu ulikuwa umeanza kukaa kwenye taa za barabarani.

"Jivu," Sornam akasema walipofika kwenye mfereji.

"Jivu si tunajipaka kwenye paji la uso kila siku?"

"Hilo la hekaluni. Hili la mkaa. Mimi ninavyojua, kolam ni karamu ya wageni wadogo. Sisimizi akila, nyumba imetoa sadaka kabla mwenye nyumba hajanywa kahawa. Jivu atakula nani?"

"Ni sanaa hiyo, mke wangu."

"Mtoto ameniweka chini nimekuwa jivu, ameniandika jina ukutani, watu wananizunguka na vikombe."

Dhanapal akatazama taa za barabarani. "Mimi niliwahi kuchora malkia mwenye pua ya mama yako. Akakaa juu ya sinema wiki tisa. Mama yako alipita chini kila siku, hakuinua kichwa."

"Alijua."

"Alijua?"

"Alikuwa anapita njia hiyo makusudi." Sornam akapandisha sari asiiloweshe kwenye dimbwi. "Na kesho hao wachaguzi watakuta kolam ya jana. Umeona alama ya kisigino pale pembeni? Wewe uliwahi kumkaribisha mgeni mkubwa juu ya kolam ya jana?"

"Mimi sina wageni wakubwa. Wageni wangu wote walikuwa ukutani."

Sornam hakucheka. Alikuwa ameshaamua, ila hakusema, kwa sababu kwake lile halikuwa jambo la kuamuliwa. Mlango ukiwa mchafu unaoshwa.

*

Alfajiri alimaliza mlango wake kwanza. Kisha akapakia kwenye ndoo: kilo mbili za unga wa mchele, ufagio wa njukuti, maua matatu ya boga aliyochuma kwenye paa la jirani, na donge la kinyesi cha ng'ombe, bichi, limefungwa kwenye jani la mgomba. Mwezi wa Margazhi ua la boga husimamishwa juu ya donge hilo katikati ya kolam. Nyumba isiyofanya hivyo ina watu wavivu.

Mlinzi wa jumba la sanaa, Arokiam, alikuwa amejifunga skafu kichwani mpaka yamebaki macho.

"Dada Sornam, na ndoo tena?"

"Nimekuja kuosha."

"Wa kuosha anakuja saa mbili."

"Huyo ataosha vyoo. Mlango wa mwanangu naosha mimi."

Arokiam akajikuna. "Madam anajua?"

"Sare yako nimeinyoosha mpaka mfuko wa ndani. Unaitaka leo au Jumatano?"

Akafungua.

Ukumbi ulikuwa na mwanga wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ukungu ulikuwa umeingia naye mlangoni, ukatambaa chini, ukalala juu ya lile jivu, mpaka Sornam hakujua kipi ni kipi. Akasimama pembeni. Miezi sita yake ilikuwa pale. Mashati ya watu, sari za watu, suruali za shule zenye magoti yaliyochakaa, yote yamepita chini ya mkaa wa pasi na kuacha hiki tu. Mkono ukasita. Kwa muda mfupi akaona kama ni yeye amelala pale sakafuni, mwembamba, amejikunja mara elfu, na hakuna wa kumwamsha.

Ndiyo maana akamwaga maji.

Jivu likayanywa, likawa jeusi, likamezwa na sakafu. Ufagio ukapita. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha maziwa.

Akasubiri sakafu ikauke nusu, kama inavyotakiwa, akachota unga kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza nukta. Hakuwa na daftari. Hakuwahi kuwa nalo. Nukta zilidondoka zenyewe, moja moja, kama mtu anahesabu usingizini. Kisha mstari ukaanza kutembea, naye akaufuata kwa miguu peku, anarudi kinyumenyume, amepinda kiuno, hakanyagi alipopita. Aliingia mahali ambapo hakuna saa. Mlango wa mama yake ukapita, ule wenye kizingiti kilicholiwa na mchwa. Mlango wa nyumba ya kwanza ya ndoa ukapita, ambao haukuwa mlango bali gunia. Siku Vennila alipozaliwa na hapakuwa na mtu wa kuchora, mlango ukakaa mtupu siku kumi, ukapita nao. Spika ya hekalu ilikuwa inaimba mbali, sauti inakuja na kupotea kwenye ukungu, na mstari mweupe ukaendelea kuzunguka, kuzunguka, kwenye ule weusi mkubwa, kana kwamba sakafu ndiyo inaota na yeye ni mkono tu.

"Mama."

Sornam akainuka. Mgongo ukalia.

Vennila alikuwa mlangoni na kichekecheo mkono mmoja na chupa ndogo ya kioo mkono wa pili. Alikuja kuziba ile alama ya kisigino.

"Umefanya nini?"

"Nimefagia ya jana."

"Ya jana." Vennila akaitazama sakafu, akamtazama mama yake, akaitazama tena. "Mama, ile haikuwa ya jana. Ilikuwa ya mwezi mzima. Ilitakiwa ikae mpaka maonyesho yaishe."

"Kolam haikai mwezi."

"Ya kwangu inakaa!"

Arokiam akachungulia, akaondoka haraka.

"Wale watu wanakuja saa nne," Vennila akasema, sasa kwa sauti ndogo, nayo ilikuwa mbaya kuliko ile kubwa. "Nimelikusanya miezi sita. Nimelala hapa siku nne. Nilikuwa nawaambia watu, huyu ni mama yangu, hiki ndicho kilichobaki kila siku akimaliza, na nyie hamjawahi kukitazama. Ukaja ukajifagia mwenyewe. Hata Bi Hema asingeweza kufanya hivyo."

"Mimi sijabaki jivu," Sornam akasema. "Mimi nipo. Ulitaka waone jivu, wanihurumie?"

"Nilitaka wakuone."

"Jana waliniona. Bi Hema aliniona vizuri sana."

Vennila akakaa chini pale pale, miguu ameinyoosha kama mtoto, chupa mapajani. Ilikuwa na jivu la kujaza viganja viwili, la kuzibia tu. Akalia kidogo, bila sauti, halafu akajifuta kwa mgongo wa mkono na kubaki anatazama. Na kwa kuwa alikuwa mchoraji, hakuweza kujizuia kuona.

"Umetumia nukta ngapi?"

"Sijahesabu."

"Huu mstari ni mmoja?"

"Utakuwa mmoja ukifungwa. Ulikuja ukanikatiza." Sornam akaonyesha kwa kidevu. Kwenye ukingo karibu na mlango palibaki pengo, kama urefu wa mikono miwili. "Unga wenyewe umeisha. Kilo mbili zimekwenda."

Walikuwa mmoja huku na mwingine kule, kolam katikati. Kisha Vennila akapiga magoti kwenye pengo. Akafungua ile chupa, akachota jivu kati ya vidole viwili, akaendeleza mstari wa mama yake kwa kijivu, akaupinda kuzunguka nukta mbili, akaurudisha ulikoanzia.

"Mkono wako unabana sana," Sornam akasema. "Legeza."

"Mama, tafadhali."

"Nasema tu."

*

Madam Yamini, mwenye jumba, aliwasili saa tatu na nusu, akasimama kizingitini na miwani ya jua juu ya kichwa.

"Kuna harufu gani humu?"

"Kinyesi, madam," Sornam akasema. "Cha ng'ombe. Kisafi, cha leo asubuhi."

Yamini akaliona donge, na ua la boga la manjano limesimama juu yake. Akaona kwamba kazi ya jana haipo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kodi ya jengo na ada ya watoto wawili. Akazunguka kolam nzima polepole. Aliporudi alipoanzia, akakivua kiatu kimoja, hata yeye asijue kwa nini, akasimama hivyo.

"Ni nzuri kuliko ya jana," akasema. "Samahani, Vennila. Lakini ni nzuri kuliko ya jana. Utawaelezaje?"

"Nitawaeleza kilichotokea."

"Kila mmoja ana dakika kumi. Wewe ni wa nne. Ongea polepole, usiombe radhi."

Wachaguzi wakaja watatu: mama mmoja wa Mumbai mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, mzee wa vazi la khadi lililofumwa kwa mkono, na bwana mmoja aliyeandika kila kitu kwenye simu. Yule mama wa Mumbai alipofika kwenye kolam akakaa chini, mifupa ikalia, akabaki pale wakati wenzake wanaendelea na nyayo. Alifuata mstari kwa macho mpaka akafika kwenye kijivu, akatabasamu peke yake. Sornam aliyaona hayo toka nyuma ya nguzo. Blauzi za Bi Hema zilikuwa zimekunjwa kwenye mkokoteni bila kuguswa, saa tatu ilishapita, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja hakujali.

Sisimizi ndio waliokuja baadaye.

Waliingia kwa dirisha la nyuma, mstari mwembamba mweusi, wakashuka ukutani, wakapita kwenye zulia lililotandikwa na msanii mwingine, wakafika kwenye unga. Kwanza kumi. Kisha mia. Kisha ukingo mzima wa kolam ukaanza kutetemeka kama una uhai, na punje nyeupe zikawa zinatembea.

"Wamekuja," Sornam akasema kwa furaha, kama mtu anayesikia wageni wa harusi wanapiga hodi.

"Wanaingia kwenye jokofu langu," Joydeep akasema. Kweli, tawi moja la msafara lilikuwa limenusa sukari guru. "Dada Vennila, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini peremende zangu zitaliwa zote."

Yamini akaenda ofisini akarudi na kopo la dawa ya wadudu, analitikisa. "Dakika mbili tu. Napulizia mbali na mchoro, siuharibu."

Sornam alikuwa ameshafika mbele yake. Hata yeye hakujua alivukaje ukumbi.

"Hapana, madam."

"Sornam, ni sisimizi."

"Chakula nimewawekea mimi. Nimewaita. Sasa nimwite mtu mezani halafu nimpulizie sumu?"

"Hawa wachaguzi wanangoja."

"Nawaheshimu. Na hawa pia wamekuja."

Mzee wa khadi akatazama saa. Bwana wa simu akaanza kupiga picha. Vennila akasimama katikati, na kila mtu akamtazama yeye, kwa sababu kazi ilikuwa ya kwake, karatasi ukutani ilisema hivyo.

"Nipe dakika chache," akamwambia Yamini. "Nitawatoa nje bila dawa. Usipulize."

Akachota unga wa ule mchoro kwenye ukingo, kiganja kizima, akapiga magoti. Akaanza kumwaga mstari mwembamba kutoka kwenye kolam, ukapita mbele ya jokofu la Joydeep ukawakata wale wenye tamaa ya sukari, ukaelekea mlangoni. Unga ulipokwisha akarudi akachota mwingine. Sisimizi wakasita, wakagusana vichwa, wakageuka. Alikuwa anarudi kinyumenyume kwa magoti, taratibu, kwa mwendo wao, maana ukienda haraka wanapotea. Sornam alibaki amesimama kati ya kopo na msafara, na Yamini akabaki ameshika kopo hewani.

"Wa nne," bwana wa simu akaita. "Vennila Dhanapal."

Vennila alikuwa amefika kizingitini.

"Vennila," Yamini akasema. "Zamu yako. Sasa."

"Bado hawajatoka."

"Dakika zako zinaanza kuhesabiwa."

Sornam akageuka. Ule mwaka mzima akauona mbele yake, chumba cha ghorofani chenye madirisha, na Jumatatu akaiona, Sekar na mashine zake. Akasogea hatua moja pembeni, njia ikawa wazi kwa kopo.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda kaongee. Sisimizi ni sisimizi tu."

Vennila akainua uso. Alikuwa na unga kwenye nyusi.

"Mama, rudi hapo ulipokuwa."

"Vennila."

"Uliwaita wewe, lakini mstari nimeufunga mimi. Rudi."

Sornam akarudi.

Ilichukua zaidi ya nusu saa. Mstari ukavuka kizingiti, ukashuka ngazi mbili, ukapita kwenye lami iliyokuwa bado na unyevu wa ukungu, hadi kwenye mizizi ya mwarobaini wa kwanza barabarani. Huko akaumimina unga wote uliobaki kiganjani, lundo dogo. Arokiam alisimama katikati ya barabara amenyoosha mkono, amesimamisha pikipiki mbili na gari la mtu mkubwa, na alipoulizwa kuna nini akajibu, "Wanavuka." Ndani, wa tano alishaongea akamaliza. Yule mama wa Mumbai alitoka, akasimama karibu na Vennila kwa kitambo. Akaingia kwenye gari akiinua mguu juu sana ili asikanyage.

*

Ujumbe uliingia saa kumi na moja jioni. Chumba amepewa Joydeep.

"Majokofu," Dhanapal akasema. Akavua shati lake jeupe, akalitundika, akakaa kitandani na singlendi. "Mimi angalau nyota wangu walikuwa na damu."

"Hatukumsikia akiongea," Vennila akasoma. "Ndivyo walivyoandika. Kazi imetugusa, lakini hatukumsikia msanii."

"Msanii alikuwa nje."

"Ndiyo, Baba. Msanii alikuwa nje."

Sornam alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. Bi Hema alikuwa ameshakuja mchana kuchukua blauzi zake zikiwa na mikunjo yake yote, akazibeba kwapani, akasema kuanzia wiki ijayo nguo zake zitakwenda kwa mtu mwingine. Nyumba nzima ile, mashati ya mume na sare za watoto. Sornam alimwitikia ndiyo, dada, akamfungia nguo zake kwa kamba.

Usiku ule hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walikula wali na mchuzi wa mkwaju, na Dhanapal akasimulia tena habari ya malkia mwenye pua ya mkwewe, na safari hii akaongeza kwamba mkwewe alijua.

Jumatatu Sornam aliamshwa na sauti ya maji. Akadhani ni mvua. Kisha akasikia ufagio, njukuti juu ya saruji, pigo fupi fupi, lisilo na mazoea.

Akafungua mlango. Ukungu ulikuwa umejaa uchochoro mzima. Vennila alikuwa amechuchumaa kizingitini na nguo za kazini kwa Sekar, shati lenye nembo mgongoni, nywele amezibana. Alikuwa anaweka nukta. Saba kwa saba tu. Mlango wao hauna nafasi zaidi. Sornam akaona nukta moja imekaa upande, akauma ulimi, akaiacha.

"Umeamka mapema," akasema.

"Kazi ni saa mbili. Nikasema nianze na hii." Vennila akavuta mstari wa kwanza. "Mama, jivu la leo usilimwage."

Sornam akaingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga, akaliweka kizingitini, mbali kidogo na maji. Vennila akafungua mfuniko. Jivu lilikuwa jepesi kama pumzi. Lilishachekechwa kwa kitambaa, mara tatu.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi mchana," Sornam akasema. "Halafu legeza mkono. Unabana."